Mabosi wa Gibson na KKR, lindeni mikono kwanza, jina litafuata

Wakubwa zangu mlioko Nashville kwenye kampuni ya Gibson, na nyie wenye mali wa KKR, kampuni ya uwekezaji huko New York, salamu kwenu. Naenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe. Mmeshika kampuni ya magitaa yenye umri wa zaidi ya miaka mia, imeshauzwa na kununuliwa mara kadhaa, na kila ilipodidimia sababu ilikuwa ileile, mwenye mali alidhani amenunua jina, akaanza kulila jina, akasahau wale watu wa karakanani wenye patasi na msasa ambao ndo walilifanya hilo jina liwe jina. Nawaomba nyie msirudie. Na kwa jinsi ninavyoona kuna mambo mmeshaanza kuyarudia, ndo maana nimekaa nikaandika.

Mimi napiga solo kwenye bendi ya dansi hapa Dar es Salaam, na nikiwa sipo jukwaani natengeneza magitaa ya wenzangu, nabadilisha freti, vile vyuma vya kwenye shingo, naunga shingo zilizovunjika, nachomelea waya za pikapu, vile vinasa sauti vya gitaa la umeme. Muziki wetu wa dansi kuanzia Kinshasa na Lubumbashi mpaka Nairobi na huku kwetu umejengwa juu ya gitaa, solo inaongea, rithim inajibu, besi inawashika wote wawili, kwahiyo habari ya nani anamiliki kiwanda cha magitaa Marekani kwetu sio habari ya mbali hata kidogo. Gitaa likitengenezwa hovyo leo, baada ya miaka kadhaa linatua huku likiwa mkono wa pili, na kijana anajinyima, anakusanya hela yake yote analinunua kwa sababu ya lile neno moja lililoandikwa kichwani. Huyo kijana ndo naongea kwa niaba yake.

Sasa hilo neno halikuletwa na mwanasheria wala mtu wa masoko. Orville Gibson alikuwa anachonga mandolini pale Kalamazoo, Michigan, anaupa uso wa mbao mbinuko kama wa fidla badala ya kuuacha bapa, na kampuni yenye jina lake ikaanzishwa 1902. Mwaka 1917 wakahamia kile kiwanda cha mtaa wa Parsons. Miaka ya 1920 Lloyd Loar, mhandisi wa sauti wa kampuni, alikuwa anaweka saini yake na tarehe kwenye karatasi inayobandikwa ndani ya mandolini F-5 na gitaa L-5, kuthibitisha kwamba uso na mgongo wa chombo kile vimepimwa na kukubalika, yaani mtu mzima mwenye sikio lake anasema hiki mimi nimekisikia na nimekipitisha. Ikaja Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wanaume wakaenda vitani, wanawake wa Kalamazoo wakashika kazi, na magitaa makavu, yale yasiyotumia umeme, waliyoyatoa enzi hizo, J-45 na mengineyo, leo yanatafutwa kwa bei kubwa sana. Hao kina mama majina yao hayakuandikwa popote kwenye gitaa. Ila mikono yao imo humo ndani mpaka leo, ukipiga unaisikia.

Mwaka 1944 kampuni ikachukuliwa na Chicago Musical Instruments, na 1950 Ted McCarty akawa rais wa Gibson akakaa mpaka 1966. Huyu McCarty nataka mmwangalie vizuri nyie watu wa hesabu, maana hakuwa mpiga gitaa, alisomea uinjinia, alitokea kampuni ya vyombo vya muziki ya Wurlitzer, na ndani ya miaka yake ikatoka Les Paul 1952, gitaa lililopewa jina la mpigaji Les Paul, fundi wake Seth Lover akabuni ile pikapu ya hambaka, koili mbili zinazopingana mpaka ule muungurumo wa umeme unakufa, halafu 1958 peke yake wakatoa ES-335, Flying V na Explorer. Mwaka mmoja huo! Kwahiyo sisemi kwamba bosi lazima awe anajua kupiga. Nasema alikuwa anawasikiliza wanaopiga na wanaotengeneza, na akiletewa jambo jipya na fundi wake analipa nafasi hata kama soko halijalielewa. Na kweli soko halikulielewa, zile Les Paul za rangi ya machweo za 1958 mpaka 1960 zilinunuliwa kidogo tu mpaka kampuni ikasimamisha umbo lile ikaleta lile la SG 1961, na hizohizo leo bei yake ni mamia ya maelfu ya dola kwa gitaa moja. Ingekuwa wakati ule kampuni iko mikononi mwa mtu anayetazama robo mwaka kwa robo mwaka, nawaambia ukweli zisingetoka kabisa.

Halafu ndo ikaja 1969. Chicago Musical Instruments ikachukuliwa na kampuni iitwayo ECL, ambayo biashara yake ilikuwa kutengeneza bia kule Ecuador, na baada ya muda wakajiita Norlin, kipande cha jina la Norton Stevens wa ECL kikaungwa na kipande cha jina la Arnold Berlin wa Chicago. Mtu wa bia anaweza kuwa na akili nyingi tu za biashara, simdharau, lakini angalieni walichofanya. Ukichukua Les Paul ya miaka hiyo ukaligeuza ubavuni, ukafuata mbao kwa kidole kuanzia kwenye kifungo cha mkanda, unaona mstari mwembamba wa mbao nyeupe ya mepo umebanwa katikati ya vipande viwili vya mahogani kama sandwichi. Gitaa hilohilo zamani mwili wake ulikuwa bonge moja la mahogani lenye kofia ya mepo juu. Shingo nayo ikaacha kuwa mti mmoja ikawa vipande vitatu, baadaye vikawa vipande vya mepo badala ya mahogani, na uzito ukapanda, kuna Les Paul za miaka ya 70 zinazidi kilo 4 na nusu, ukilivaa begani show nzima mpaka asubuhi unajua umebeba nini. Gitaa halikuharibika siku moja. Lilibadilishwa kidogo hapa, kidogo pale, kila badiliko lina maelezo yake mazuri ya kiofisi, na mwisho wa yote wapigaji wakaanza kutafuta magitaa ya zamani kwa udi na uvumba kwa sababu mapya hayakuwa yaleyale. Biashara kubwa ya magitaa ya zamani mnayoiona leo, ambayo nyie wenyewe mnaifuata kwa kutengeneza nakala zake, ilipata nguvu miaka ileile watu walipokata tamaa na mapya.

Ila niwe mkweli, kuna kitu kimoja cha enzi hizo ambacho mimi kama fundi nakitetea mpaka kesho, na nitakirudia hapo chini, nacho ni kile kinundu nyuma ya shingo pale inapokutana na kichwa. Wapenzi wengi wa gitaa walikichukia. Mimi nakipenda.

Norlin wakafungua kiwanda cha Nashville katikati ya miaka ya 70, wakaendesha viwili kwa pamoja, na mwaka 1984 wakafunga Kalamazoo. Miaka sitini na kitu ya ujuzi, mafundi waliofundishwa na mafundi waliofundishwa na mafundi, wakaambiwa kazi imekwisha. Wapo waliokataa kuhama. Jim Deurloo, Marv Lamb na J.P. Moats wakabaki, wakachukua jengo lilelile la mtaa wa Parsons na baadhi ya mashine zilizobaki, wakaanzisha Heritage mwaka 1985. Fikirieni hapo, jina limeenda Tennessee na mikono imebaki Michigan. Kwenye karatasi mwenye jina ndo mwenye mali. Mimi nikiambiwa nichague kati ya karatasi yenye haki ya jina na mzee aliyechonga shingo miaka 25, nachukua mzee.

Januari 1986 Henry Juszkiewicz na wenzake David Berryman na Gary Zebrowski wakainunua Gibson kwa dola milioni 5 hivi, na hapa pia lazima niseme haki yao, maana watu wakimtaja Henry wanakumbuka mwisho tu. Walikuta kampuni inakufa. Wakaifufua. Wakarudisha maumbo ya zamani vizuri, 1989 wakafungua Bozeman kule Montana kwa ajili ya magitaa makavu, na yale ya Bozeman mpaka leo ni kazi ya kuheshimiwa. Kwa miaka mingi ilionekana kampuni imepata mwenyewe.

Kilichokuja baadaye ndo kinaniuma, kwa sababu safari hii mwenye mali alikuwa ni mtu aliyeiokoa kwa mikono yake. Akaanza kuona gitaa ni dogo. Akataka Gibson iwe kampuni ya maisha ya muziki yote, redio, spika, hedifoni, programu za kompyuta, kila kitu. Wakanunua hisa Onkyo, kampuni ya vifaa vya sauti ya Japani, 2013 wakachukua TEAC ya hukohuko Japani na Cakewalk, 2014 wakachukua biashara ya vifaa vya sauti vya Philips kwa dola milioni 135, na sehemu kubwa ya fedha hizo ni za kukopa. Cakewalk, programu ambayo watu wengi walikuwa wanarekodia nyumbani, ikasimamishwa Novemba 2017. Na magitaa yenyewe yakaanza kujazwa vitu ambavyo hakuna aliyeviomba. Kuna lile Firebird X lenye mitambo ya kielektroniki ndani yake. Halafu zile modeli za 2015, hizo ndo zilivunja watu moyo, karibu kila gitaa lao la umeme la Marekani likawekewa mashine ya kujityuni yenyewe, kidaraja cha juu, kile kinachoshika nyuzi karibu na kichwa, cha shaba cha kurekebisha, shingo ikapanuliwa, kichwani pakaandikwa maandishi mapya ya miaka 100 tangu azaliwe Les Paul mwenyewe, na bei ikapanda juu. Mpigaji hakuulizwa. Wauza maduka wakabaki na mzigo ndani, na mwaka uliofuata kampuni ikarudi nyuma. Jamani, mtu anayepiga gitaa anajua kutyuni! Ni kitu cha kwanza kabisa tunachofundishwa.

Katikati ya hayo kukawa na ile kesi ya mbao. Maafisa wa serikali ya Marekani walivamia viwanda vya Gibson 2009 na tena 2011, na mwaka 2012 kampuni ikakubali kulipa dola 300,000 pamoja na dola 50,000 za kuchangia uhifadhi, kwa sababu ya mbao nyeusi ya ebony kutoka Madagaska, inayofanana na mpingo wetu. Kwetu hili ni jambo la ndani kabisa, maana sisi ndo nchi ya mpingo, ule wa Kilwa na Lindi unaoenda Ulaya kuwa klarineti na obo. Na kuna vijiji vya Kilwa ambavyo mwaka 2009 misitu yao ilipata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, wanakijiji wenyewe wanasimamia, wanahesabu miti, wanauza kwa utaratibu na hela inajenga kijiji. Kwahiyo tajiri wa kiwanda asiniambie mbao halali haipatikani, inapatikana, ni suala la kuamua kwenda kwa watu wanaoilinda na kuwalipa inavyostahili.

Tarehe 1 Mei 2018 Gibson ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Hatifungani za dola milioni 375 zilikuwa zinaiva mwaka huohuo, na juu yake kuna mikopo mingine. Na humohumo kwenye maelezo waliyopeleka mahakamani ikaonekana kwamba upande wa magitaa ulikuwa mzima, wanauza zaidi ya magitaa 170,000 kwa mwaka kwenye nchi zaidi ya 80. Magitaa hayakuiua kampuni. Waliokuwa wanakata mbao, wanapiga rangi, wanaweka freti walifanya kazi yao na kazi yao ilikuwa inanunuliwa, kilichoizamisha ni spika na hedifoni na madeni ya kuzinunulia. Hii sentensi naomba muichapishe muibandike kwenye ukuta wa chumba chenu cha mikutano.

Novemba 2018 nyie KKR mkaingia. Sasa tuongee sisi na nyie.

Mlianza vizuri na nawashukuru kwa hilo. Mlimleta James Curleigh kutoka kampuni ya jinzi ya Levi's awe mkuu wa Gibson, mkatupa yale mambo ya redio, na Januari 2019 mkapanga magitaa upya kwa namna ambayo hata mtoto anaelewa, upande mmoja maumbo ya asili, upande wa pili ya kisasa. 2021 mkaichukua Mesa/Boogie ambayo ni ampu za watu wanaojua kazi. Magitaa yanayotoka sasa kwa jumla ni mazuri kuliko ya 2015, hilo nalisema bila kuzunguka. Lakini miezi michache tu baada ya kuanza, Juni 2019, mkatoa ile video ya kuwaonya watu kuhusu magitaa yenye maumbo yanayofanana na yenu, video yenye sauti ya kutisha, mpaka dunia nzima ya gitaa ikawageuka mkaiondoa. Mwezi huohuo mahakama ya Umoja wa Ulaya ikasema umbo la Flying V haliwezi kuwa alama yenu peke yenu kule kwao. Na mkawa mmefungua kesi dhidi ya wenye Dean, kampuni nyingine ya magitaa. Baraza la wazee wa mahakama likawapa ushindi 2022, fidia ikawa dola 4,000, halafu 2024 mahakama ya rufaa ikaamuru kesi isikilizwe upya. Hata kabla yenu, wenzenu waliishtaki PRS, nayo kampuni ya magitaa, kwa ajili ya umbo la gitaa lake la Singlecut na 2005 wakashindwa kwenye rufaa. Na Heritage nao, wale waliobaki Kalamazoo kwenye jengo lenu la zamani, 2020 mkafikishana mahakamani.

Nawaelewa mnapoogopa feki. Feki za kweli zipo, zimeandikwa Gibson kichwani na hazijawahi kuiona Nashville, na huku kwetu zinaumiza watu, hizo zifuateni mpaka bandarini na mimi nitawapigia makofi. Ila gitaa lenye umbo la V na jina la mtu mwingine kubwa kabisa kichwani halimdanganyi mpigaji yeyote. Mmeacha umbo lile miaka arobaini linatengenezwa na kila mtu, wenzenu waliowatangulia walikaa kimya, leo mnalikumbuka. Hela ya mawakili kwa kesi kama hizo ingelipa mafundi wangapi wa kukagua freti?

Na hapa ndo nafika kwenye mambo ya mezani kwangu, ya fundi, ambayo natamani angalau mmoja wenu ayasome polepole.

Kichwa cha Les Paul kinalala nyuma kwa nyuzi 17 za pembe, na shingo imechongwa kwenye kipande kimoja cha mahogani. Maana yake mishipa ya mbao inayokimbia sawasawa kwenye shingo inafika pale juu inakatwa, inakuwa mifupi, inatokeza nyuma. Halafu mahali palepale, paliponyong'onyea kuliko pote, mnachimba shimo la nati ya kile chuma cha kunyooshea shingo. Gitaa likianguka kwa mgongo, hata kutoka kwenye stendi tu, hata likiwa ndani ya keisi, uzito wa zile funguo sita unavuta kichwa na mbao inaachia hapohapo. Kila fundi wa gitaa duniani anaijua ajali hii, na kila fundi anajua kuiunga, unafungua ufa taratibu, unapenyeza gundi mpaka itokeze upande wa pili, unabana, unaacha siku nzima bila kugusa. Inashika. Lakini kwa nini ivunjike? Kile kinundu cha enzi za Norlin kiliongeza nyama pale penye udhaifu, kikaondolewa mapema miaka ya 80 kwa sababu hakikuwepo 1959. Na funguo ziko tatu huku na tatu huku, kwahiyo uzi wa tatu na wa nne ukitoka kwenye kidaraja cha juu unapinda kwenda pembeni, na kama ule mfereji haukukatwa kwa uangalifu uzi unakwama, unausikia unalia ting, halafu G imetoka kwenye tyuni katikati ya wimbo na wewe ndo umeshika solo, watu wanakuangalia. Kukata mfereji vizuri ni dakika chache za mtu mwenye faili sahihi na mkono usioharakishwa. Na huyo mtu lazima mumuajiri na mumpe muda.

Kwahiyo ombi langu la kwanza, yale ya nakala za kihistoria yaacheni kama yalivyokuwa, wanaotaka 1959 wapewe 1959. Lakini yale ya kisasa, ambayo mmeyaita ya kisasa wenyewe, rudisheni kinundu, imarisheni kichwa. Mpigaji atakizoea ndani ya wiki.

La pili ni bei na mnapoelekeza ufundi wenu. Tangu 2021 mna ile Murphy Lab, mafundi hodari kabisa wanachukua gitaa jipya wanalikwaruza, wanaipasua vanishi, wanaliweka alama za mkanda ambazo hakuna mkanda uliozifanya, na bei inaongezeka kwa maelfu ya dola. Najua kuna wanunuzi na najua Tom Murphy mwenyewe ni fundi mkubwa. Ila moyo wangu haukubali kuona mikono bora ya kiwanda inatengeneza uzee wa bandia kwa ajili ya watu wachache, wakati gitaa la kawaida lenye jina hilohilo linahitaji mikono hiyohiyo kwenye ncha za freti. Alama za mkwaruzo kwenye gitaa letu huku ni za kweli, ni miaka ya mtu jukwaani, na ningependa kijana aanze na gitaa zuri jipya ajikwaruzie mwenyewe.

La tatu, Epiphone, lile jina lenu la pili la bei nafuu. Mliichukua 1957, na leo inatengenezwa zaidi China, na kwetu hili ndo gitaa lenu ambalo mtu wa kawaida anaweza kulifikia. Kijana akiota Les Paul, Epiphone ndo anayoishika kwa mikono. Tangu 2020 mmelibadilisha kichwa likapendeza na kazi imekuwa bora, endeleeni hivyohivyo, na msije siku moja mkaamua kulipunguzia ubora ili la juu lionekane la maana zaidi. Na vipuri tafadhali, funguo, pikapu, swichi, viwe vinapatikana kwa bei ya kueleweka kwa fundi aliye mbali na duka lenu la Nashville na lile mlilofungua London 2024. Sisi tunaweka magitaa yenu hai miaka mingi baada ya nyie kusahau mliyauza lini.

La nne linawahusu KKR zaidi kuliko Gibson. Nyie kazi yenu ni kununua makampuni, kuyakuza na kuyauza, hilo halifichiki na siwalaumu kwa kazi yenu. Lakini tunakumbuka Toys "R" Us, yale maduka ya midoli. Mliinunua na wawekezaji wenzenu Bain na Vornado 2005, ikabebeshwa madeni, 2017 ikafilisika, na katikati ya 2018 maduka yake Marekani yakafungwa na maelfu ya watu wakakosa kazi, mpaka Novemba 2018, mwezi uleule mlioishika Gibson, nyie na Bain mkatenga dola milioni 20 za kuwasaidia wale wafanyakazi. Deni linalowekwa juu ya kampuni ya magitaa halilipwi na watu wa New York, linalipwa na yule wa karakanani ambaye ataambiwa atoe magitaa mengi zaidi kwa siku, na msasa ndo wa kwanza kupunguziwa dakika. Kwahiyo msiibebeshe Gibson mikopo ya kununua vitu visivyo magitaa wala ampu. Mmeona kilichompata Henry, na yeye alikuwa anaipenda.

Na kuna jambo zuri mlilolifanya wenyewe ambalo ndo nataka mlilete hapa. Mwaka 2022 mliiuza CHI Overhead Doors, kiwanda cha milango ya gereji cha Illinois, kwa kampuni ya chuma ya Nucor, na wafanyakazi wanaolipwa kwa saa pamoja na madereva wa malori wakapata kwa wastani dola 175,000 kila mtu, kwa sababu mlikuwa mmewafanya wawe na hisa. Mlango wa gereji! Gitaa je? Siku itafika mtaiuza Gibson, leo au kesho kutwa, kwa mtu ambaye sisi hatumjui. Siku hiyo nataka mtu anayezungusha waya wa koili Nashville na mtu anayechonga shingo Bozeman wawe kwenye orodha ya wanaolipwa, na wawe na sauti kwenye swali la kiwanda kinauzwa kwa nani, ili yaliyowapata wa Kalamazoo 1984 yasiwapate wao. Semeni hadharani sasa hivi, kabla mnunuzi hajapiga hodi, fungu lao ni kiasi gani.

Wenu,
mpiga solo na fundi wa magitaa, Dar es Salaam